Wanyama wa barazani: shajara ya likizo ya Juni, Ngamiani

Jumamosi, shule zimefungwa

Kazi yenyewe ni hii. Watoto wa nyumba yetu pamoja na wa majirani, mdogo ana miaka mitano na mkubwa kumi na miwili, watatengeneza wanyama kwa vitu vilivyokwisha kazi majumbani. Mahali ni baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, ambalo huingia kivuli baada ya adhuhuri. Muda ni likizo hii ya katikati ya mwaka, mpaka shule zifunguliwe Julai. Majira yanatufaa: masika yamekwisha, kusi inavuma, na kilicholowa hukauka.

Masharti ni mawili. La kwanza, hatununui kitu. Mkasi upo, shazia ipo, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, wembe upo na naushika mimi. La pili ndilo gumu: kila mnyama awe na kiungo kimoja cha kweli, kitu ambacho mnyama huyo anacho kwa namna yake na si ya mwingine. Nimechoshwa na yale maonyesho ya darasani ambako chupa ya maji imebandikwa macho mawili na masikio ya karatasi, chini yake pameandikwa TEMBO. Ukikibandua kile kikaratasi cha jina, tembo anakuwa panya, au sungura, au yeyote umtakaye. Mtoto aliyemtengeneza hakumfikiria tembo hata dakika moja.

Kwa sababu hiyo hiyo macho hubandikwa mwisho. Mtoto akishaweka macho huona amemaliza, na hapo kumrudisha kwenye miguu ni ugomvi.

Jumatatu, kutafuta taka

Maelekezo mengi ya kazi za mikono huanza kwa kusema chukua trei ya mayai, chukua boksi la maziwa, chukua kopo, utadhani kila nyumba ina stoo ya vitu hivyo. Watoto walitawanyika asubuhi na viroba mabegani, wakarudi kabla ya adhuhuri karibu mikono mitupu.

Trei za mayai zina mwenyewe: mwenye duka huzirudisha kwa anayemletea mayai. Makopo ya maziwa ya unga ni vipimo vya mchele na vyombo vya chumvi. Galoni la mafuta ya kula ndilo la kuchotea maji. Madaftari ya mwaka jana yameshakwenda kwa mama anayefungia karanga. Chupa za maji, ambazo mtaani tunaziita makopo tu, zinakusanywa na kaka mmoja anayepita na gunia lake kila siku na kuziuza kwa kilo. Hata vizibo vya soda vina wenyewe: vya kijiweni ni kete za drafti, na wazee wa kahawa waliwauliza watoto nani kawatuma kuvuruga mchezo.

Mpwa wangu, wa miaka tisa, alirudi amenuna. "Shangazi, mtaa huu hauna taka."

Anasema kweli kwa sehemu. Taka zimejaa mtaroni, lakini za humo sizitaki mikononi mwa watoto. Taka ya ndani, iliyo safi, isiyodaiwa na mtu, ni adimu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu nyumba zetu hutumia kitu mpaka kipasuke na kikishapasuka hukipa kazi nyingine. Basi tukakaa kwenye mkeka tukaulizana: ni kitu gani ambacho hakuna hata mtu mmoja atakayekuja kukidai? Orodha ilitoka kidogo kidogo. Ndala zilizokatika, hasa za mguu mmoja. Vibanio vya nguo vilivyovunjika. Kalamu zilizokwisha wino. Vipande vya vitenge chini ya cherehani ya fundi wa kona, vile vidogo ambavyo hata yeye huvifagia. Magunzi ya mahindi. Viroba vya sembe vilivyotoboka. Vifuu vya nazi, ingawa bibi alikumbusha kwamba hivyo ni kuni, akatupimia vichache. Maganda ya mayai kwa kijana anayeuza mayai ya kuchemsha. Na vipande vya kamba ya katani, maana hapa ni Tanga. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na ikafika hai 62 tu. Leo huwezi kumaliza mtaa bila kukanyaga kipande cha kamba yake.

Kuhusu chupa, tulimsubiri kaka wa makopo tukazungumza naye kama watu wa biashara. Tumeazimana: tunachukua tunazohitaji, na mnyama akifa tunamrudishia plastiki yake, iwe nzima au vipande, maana kwenye mzani yote ni uzito.

Vilivyokatazwa: chupa za dawa ya wadudu hata zikioshwa, makopo ya dawa ya mbu ya kupuliza, betri, chochote cha hospitali, na vioo. Vizibo na vifuniko vidogo hukaa kwenye kindoo chenye mfuniko, kwa sababu yupo mtoto wa jirani anayetambaa na kwake kila kitu ni chakula.

Jumanne, gundi na nyuzi

Gundi ni uji. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji: unga unakorogwa kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, halafu unapikwa mpaka uwe mzito na kung'aa. Kijiko cha chumvi kinasaidia usiingie ukungu. Bibi alisimama mlangoni na kusema unga ni wa kula, watoto wa siku hizi wanachezea riziki. Nikamwonyesha paketi yenyewe, ilivyojaa wadudu. Akakubali, lakini hakuondoka mpaka alipohakikisha ndiyo hiyo niliyotia sufuriani.

Nyuzi tumezipata kwenye viroba. Ukikata ule mshono wa pembeni, kiroba kinafumuka chenyewe, na kila utepe ni mgumu kukatika kwa mkono. Wengi wa watoto hawa hawaikumbuki mifuko ya plastiki ya rambo, iliyopigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na mdogo wao hakuwa amezaliwa. Sisi tulisokota mipira ya chandimu kwa rambo. Wao wanasokota kwa matambara na nyuzi hizi za kiroba, na kusema kweli mipira yao inadumu zaidi.

Kuanzia leo nimetangaza kwamba kinachoweza kufungwa kisibandikwe. Uji unashika karatasi kwa karatasi, na karatasi kwa kitambaa. Haushiki plastiki wala ndala. Anayetaka mguu wa ndala ukae mahali pake achukue shazia na uzi.

Alhamisi, kinyonga

Huyu hakupangwa. Mpwa wangu alikuwa anachezea kibanio kilichokatika upande mmoja wa kushikia, akakibana kwenye ukingo wa kiroba, akaniuliza kuna mnyama gani anayeshika hivi. Mtoto wa jirani, ambaye kwao ni Lushoto, akajibu bila kufikiri: "Kinyonga." Kule milima ya Usambara vinyonga ni wengi, na amewahi kumtazama mmoja akitembea juu ya waya wa kuanikia nguo.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vidole vya kinyonga vimegawanyika mafungu mawili yanayotazamana, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, ndiyo maana hushika tawi kwa kulibana. Miguu ya mbele vile vitatu viko ndani, ya nyuma viko nje. Hapo tulikuwa na kiungo cha kweli kabla hatujawa na mnyama.

Basi vibanio vinne vilivyofungwa upya kwa uzi wa kiroba vikawa miguu. Kimoja kilikuwa hakina waya, tukakitilia kipande cha mpira wa baiskeli ndani ili kibane. Mwili ni gunzi la mahindi lililozungushiwa vipande vya kitenge vya kijani, njano na bluu, kila kimoja kimebandikwa kwa uji na kushonwa pembeni. Mkia ni waya laini uliovikwa kitambaa na kuviringishwa. Ulimi ulizua mabishano. Kinyonga huufyatua ulimi mrefu kuliko mwili wake, na watoto walitaka ufyatuke kweli kweli. Walijaribu ule mrija wa wino wa ndani ya kalamu, wakajaribu utepe wa kiroba, mwisho wakaridhika na utepe mwekundu unaovutwa kwa uzi kupitia tundu la gunzi. Unatoka polepole. Kinyonga wa kweli angekufa njaa kwa ulimi huo, lakini unatoka.

Watoto wawili hawakutaka kumgusa alipokamilika. Nyumbani kwao wamefundishwa kinyonga ni nuksi. Sikubishana na mambo ya nyumbani kwao. Kinyonga alibanwa kwenye kamba ya nguo, juu, na jioni niliwakuta wote wawili wamesimama chini yake wakimvuta ulimi.

Jumamosi na Jumapili, twiga

Mkubwa wa kundi alichagua twiga kwa sababu ni mnyama wa taifa, na kwa sababu ndiye mrefu kuliko wote, na yeye anapenda kushinda. Kwanza aliweka kijiti kimoja kirefu kiwe shingo. Nikamwuliza shingo ya twiga ina mifupa mingapi. Akasema ishirini, kisha akaongeza mpaka hamsini. Jibu ni saba, sawa na ya kwake mwenyewe. Tukampapasa shingo nyuma, akabisha kwa muda, halafu akakitupa kile kijiti.

Mfupa mmoja wa shingo ya twiga aliyekomaa unaweza kupita sentimita 25. Yeye alichagua magunzi saba yanayokaribiana urefu. Gunzi kavu lina kiini laini katikati, unalitoboa kwa spoku ya baiskeli bila moto wala nguvu. Akapitisha kamba ya katani ndani ya yote saba na kuacha nafasi ndogo kati ya moja na lingine. Shingo ikapinda. Ukilegeza kamba inainama, ukiikaza inasimama.

Mwili ni chupa ya lita moja na nusu. Miguu ni kurasa za daftari zilizopakwa uji na kuviringishwa kwa kukaza, zikaachwa juani siku nzima, zikawa ngumu kiasi cha kubeba chupa. Matundu ya kuingizia miguu niliyatoboa mimi kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko, nimeushika kwa koleo, uani, upepo ukinipiga mgongoni ili moshi wa plastiki usirudi usoni. Watoto walikaa upande wa pili. Kingo za chupa walizisugua wenyewe kwenye sakafu ya saruji mpaka zikaacha kukwaruza.

Twiga hakusimama. Kila alipowekwa alidondokea mbele, kichwa kwanza. Tulitia mchanga kwenye chupa upande wa nyuma, akadondoka polepole zaidi. Mkubwa alitaka kuiondoa mifupa miwili ya shingo, wenzake wakamkatalia: saba ni saba. Ndipo nikawaambia jinsi twiga anavyokunywa maji. Shingo yake, pamoja na urefu wote ule, haifiki chini, kwa hiyo hutanua miguu ya mbele mpaka kichwa kifike majini. Mkubwa alinyamaza, akaichomoa miguu ya mbele, akaomba matundu mapya pembeni zaidi. Sasa miguu imetanuka, kichwa kiko chini kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi chenye maji, na hata ukipiga meza haanguki.

Mabaka ni majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, yamekaushwa na kubandikwa kwa uji juu ya tabaka la karatasi. Rangi ya chini ni bizari ya manjano, kijiko kimoja ndani ya uji. Inapauka juani, nimewaambia, na hawajali.

Jumanne, ndala

Ndala zilizokatika sasa zinajaza beseni. Habari zimeenea, na majirani wanaleta wenyewe, wengine zikiwa na tope lake. Kazi ya asubuhi ilikuwa kusugua kwa brashi na sabuni.

Tumegawana makundi mawili, kasa na ng'amba, na tofauti yao ndiyo kiungo chenyewe. Wote wawili wana vigae vikubwa kumi na vitatu mgongoni: vitano katikati na vinne kila upande. Vya kasa vimekaa ubavu kwa ubavu. Vya ng'amba vinapandiana, ukingo wa kimoja juu ya kinachofuata, na uzuri wa vigae hivyo ndio uliofanya ng'amba awindwe kwa ajili ya vitana na mapambo. Watoto walikata kumi na vitatu kwa kila mnyama kutoka kwenye nyayo za ndala, kijani na bluu kwa kasa, kahawia na njano kwa ng'amba. Nyayo inakatika kwa mkasi mzuri ikiwa ni nyembamba kwa kuchakaa. Ile nene naikata mimi kwa wembe.

Kifuu cha nazi kina umbo linalofaa lakini hakishoneki. Njia iliyofaulu ni kushona vigae kwanza kwenye kipande cha kiroba, kisha kukivuta kile kiroba juu ya kifuu na kukikusanya kwa uzi upande wa chini, kama unavyofunga mdomo wa gunia. Mapezi ya mbele marefu, ya nyuma mafupi, yote ndala.

Mama wa mmoja wao ni wa Ushongo, Pangani. Alikuja kumchukua mwanawe akakaa mpaka Magharibi akiwasimulia kuhusu kijisiwa cha Maziwe, ambako kasa bado hupanda kutaga ingawa maji yakijaa yanakifunika, kwa hiyo mayai huhamishiwa ufukweni bara. Watoto walitaka kujua yanabebwaje. Kwa taratibu, akasema, na bila kuyageuza.

Niliwasimulia pia juu ya Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndala zipatazo 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Nikawaambia na kuhusu Ocean Sole wa Kenya, wanaobandika ndala tabaka kwa tabaka na kuzichonga kuwa tembo na twiga wa kuuza. Mkubwa akauliza kama na wao watauza. Nikamwambia aulize kwanza kaka wa makopo anapata shilingi ngapi kwa kilo.

Ijumaa, mchoo

Imenyesha, ile mvua ndogo ya kipindi hiki. Kilichobandikwa jana hakijakauka, na usiku panya wamekula sikio moja la punda wetu wa uji na sehemu ya pua. Ndugu yake simba amepona kwa sababu manyoya ya shingoni ni katani. Wanyama wote wa uji sasa wanalala wakining'inia kwenye kamba ndani ya nyumba, na baba mwenye nyumba anainama kila anapopita.

Jumatatu, Deep Sea

Baada ya kasa, watoto walitaka samaki. Nikawaambia samaki wa Tanga ni mmoja tu. Nilitegemea walau mkubwa atamjua, lakini hakuna aliyemtaja, na wote wamezaliwa hapa.

Silikanti. Wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu na wakaamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini akiwa mzima. Kwetu, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake kwenye mwambao huu huu.

Leo tulikwenda soko la samaki la Deep Sea, watoto wamepangwa wawili wawili. Tulimkuta mzee anashona nyavu. "Shikamoo babu," wakasema kwa pamoja. "Marahaba wajukuu zangu, mmekuja kununua au kunihesabia matundu?" Nikamweleza. Amewahi kumwona, zaidi ya mara moja, kwenye wavu wa jarife uliotegwa chini sana kwa ajili ya papa. Watoto wakauliza swali ambalo watoto wa Tanga wangeuliza: analiwa? Mzee akakunja uso. Ana mafuta mabaya, nyama yake haina raha, ukila tumbo linakuendesha. Akawaonyesha kwa mikono jinsi mapezi yake yalivyo: hayakutoka ubavuni moja kwa moja, yamekaa juu ya kitu kinene, chenye nyama. "Ana vigogo vya miguu, huyu."

Hatukuhitaji zaidi. Mpwa wangu alirudia maneno hayo njia nzima: vigogo vya miguu, vigogo vya miguu.

Jumatano mpaka Jumamosi, silikanti

Kazi kubwa kuliko zote, na watoto wote wako ndani yake. Mwili ni chupa tatu za lita moja na nusu zilizokatwa matako na kupachikana, zimefungwa kwa utepe wa kiroba na kuvikwa tabaka nne za gazeti na uji. Gazeti tunalichana, hatulikati kwa mkasi: ukingo uliochanika hulala vizuri na mshono hauonekani. Bado ni mdogo kwa silikanti, ambaye hufika karibu mita mbili, lakini baraza nalo lina mwisho wake.

Magamba ni duara za karatasi ya daftari zilizolowekwa kwenye bluu ya kufulia. Hupangwa kuanzia mkiani kuja kichwani, ili kila safu mpya ifunike mizizi ya safu iliyotangulia. Wadogo walianza kichwani, safu mbili zikakaa kinyumenyume, mmoja akapitisha kidole kutoka kichwani kwenda mkiani akasema "anachoma." Wakazibandua wenyewe.

Madoa meupe ni maganda ya mayai. Mayai ya hapa mengi ni ya kahawia, lakini ndani ya ganda ni peupe, basi yamebandikwa kwa kugeuzwa. Kila silikanti ana mpangilio wake wa madoa na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa hayo. Nilipowaambia hilo, kila mtoto alidai sehemu yake ya ubavu na akaweka madoa yake, na sasa wanajua kipi ni cha nani hata kutoka barabarani.

Mkia una sehemu tatu, ile ya katikati ndogo imechomoza peke yake. Tumeukata kwenye ndala moja nzima ya miguu mipana, ya babu mmoja wa mtaa wa pili, Mungu amzidishie afya.

Mapezi ndiyo niliyotaka yawe ya kweli. Kila moja lina kigogo cha kitambaa kilichoshindiliwa matambara, na mwisho wake kipande cha ndala kilichochanwa mistari. Pezi la kwanza la mgongoni halina kigogo. Ni pezi la kawaida la samaki, kwa hiyo hilo ni ndala tupu. Sasa, silikanti anapoogelea, pezi la mbele la kushoto huenda pamoja na la nyuma la kulia, kisha hubadilishana, mpangilio ule ule wa mbuzi anayekimbia taratibu. Mkubwa aliutazama mwili kwa muda mrefu. Alipitisha uzi mmoja ndani ya chupa kutoka pezi la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na uzi wa pili kwa jozi nyingine, zote mbili zikatokea tumboni. Ukivuta mmoja, mawili yanainuka. Ukiachia, uzito wa ndala unayashusha. Ukivuta kwa zamu, anatembea hewani. Sikumsaidia hata kwa neno, ila kumshikia chupa.

Mdogo wa miaka mitano alitaka silikanti wake atage mayai. Silikanti hatagi, mayai huanguliwa ndani na watoto huzaliwa hai. Akakata samaki wadogo watatu wa kitenge na kuwasukuma ndani kupitia mdomoni. Hawaonekani. Kila mgeni anaambiwa wamo.

Macho, mwisho kabisa kama sheria inavyosema: upande wa ndani wa pakiti ya biskuti, ule unaong'aa, juu yake duara la plastiki angavu. Macho ya silikanti hurudisha mwanga wa tochi huko gizani anakokaa, mita mia na zaidi chini. Usiku tulimmulika kwa simu. Yaling'aa, na mwenye miaka mitano akaomba taa iwashwe.

Ijumaa, kabla ya shule kufunguliwa

Hali ilivyo. Silikanti ananing'inia barazani na uzi mmoja umeshabadilishwa kwa kuvutwa mno. Twiga amekwenda kwa mkubwa, na bakuli lake la maji. Kasa amechukuliwa na mtoto wa Ushongo, ng'amba yuko juu ya kabati la bibi, ambaye hasemi tena kuhusu unga. Punda hakupona. Simba ametolewa katani zake, na plastiki yake pamoja na chupa nyingine zilizobaki zimekabidhiwa kwa kaka wa makopo leo asubuhi. Alizipima kwa mkono, akawapa watoto vifuniko vyote kama bakshishi.

Likizo ya Desemba itakuwa na unyevu wa vuli, kwa hiyo hakuna uji wala karatasi. Wanyama wote watashonwa. Wanaoombwa mpaka sasa ni pweza, kaa, na popo wa Pemba, ambaye nitahitaji kwa ajili yake mwavuli mbovu mweusi, kitambaa tu bila vyuma.

Vinahitajika pia vibanio vya nguo, kwa sababu kila mtoto sasa anataka kinyonga wake. Viwe vilivyovunjika vyenyewe. Mama wa nyumba ya tatu amekuja kulalamika kwamba vyake vilikuwa vizima asubuhi, na kufikia adhuhuri saba vilikuwa vimekatika mahali pale pale.